Chama Kisicho na Mwenyekiti

Jumamosi moja mwaka jana nilikaa muda wa saa tatu na nusu ndani ya darasa moja huku Magomeni, nikiwasikiliza watu kumi na tisa wenye akili zao timamu wakibishana kama makamu mwenyekiti awe mmoja au wawili. Rasimu ya katiba ilikuwa mezani, kurasa kumi na moja. Ilikuwa na kifungu cha nembo, kifungu cha muhuri, kifungu cha kumfukuza mwanachama na kifungu cha rambirambi. Tulipofika kwenye kifungu cha ada, umeme ulikuwa umekatika, jua limeanza kushuka, na watu wawili hawasemezani. Mkutano uliofuata walikuja watu wanne. Mmoja alikuwa mimi, na mwingine alikuwa mlinzi aliyeleta ufunguo.

Wasikilizaji wangu, hilo ndilo lililonileta mbele yenu juma hili. Nataka tuzungumze habari ya vikundi vidogo vya watu wa kazi moja: vinazaliwaje, vinakufaje, na je, vina faida yoyote zaidi ya kutupotezea Jumamosi zetu?

Kwanza niwaeleze hawa watu kumi na tisa ni akina nani. Ni vijana, wake kwa waume, walioajiriwa katika makampuni ya simu, mabenki na ofisi zinazotengeneza programu za simu. Kazi yao si kuandika programu yenyewe, wala si kuipaka rangi. Kazi yao ni kumtazama mtu anayeitumia: anabonyeza wapi, anakwama wapi, anaelewa nini anaposoma neno "thibitisha". Wakishajua hayo, wanakitengeneza chombo kimfae yule mtu. Wao hujiita watu wa UX, herufi mbili walizozipokea kutoka ughaibuni. Mimi nawaita mafundi wa utumiaji, na katika mazungumzo haya nitaendelea kuwaita hivyo.

Mimi mwenyewe si fundi wa namna hiyo. Waliniomba niwe mlezi wao kwa sababu ya mvi zangu, na nadhani pia kwa sababu nilikuwa na jamaa anayeweza kutupatia darasa bila kutudai pango.

Baada ya mkutano ule wa watu wanne, binti mmoja alinisindikiza hadi kituo cha daladala. Alikuwa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mzee, naona bora niache."

"Uache nini, mwanangu?"

"Kikundi. Na pengine na kazi yenyewe."

Akanieleza yaliyomsibu. Huko anakofanya kazi, wateja walikuwa wanatuma fedha kwenye namba isiyokusudiwa. Si mmoja wala wawili. Walipokuja dirishani kulalamika waliambiwa, "Ungesoma kabla ya kubonyeza, mama." Yeye alisema kikaoni kwamba kosa si la wateja. Ukurasa wenyewe ulikuwa unaleta kitufe cha kukubali kabla jina la mpokeaji halijaonekana vizuri. Wenzake wakacheka. Bosi wake akamuuliza kama ameajiriwa kuwatetea wasiojua kusoma.

"Niko peke yangu pale, mzee," akaniambia. "Nikija kwenye kikundi nipate nguvu, nakuta tunagombea muhuri. Sasa sisi tuna faida gani?"

Daladala ilikuja, nikapanda bila kumpa jibu. Nilimwahidi kwamba nitalitafuta. Nilichokipata ndicho ninachowaletea leo, na kinaanzia mbali kidogo, kwenye vita.

Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na tatizo la ajabu. Ndege zake kubwa za mabomu aina ya B-17 zilikuwa zinarudi kutoka safari ndefu, zinatua salama salimini, halafu zikiwa tayari ziko chini zinakimbia kwenye njia, rubani anakunja magurudumu! Ndege inalala kwa tumbo, panga zinapinda. Rubani alikusudia kurudisha vile vibawa vya nyuma ya bawa ambavyo hushushwa wakati wa kutua. Badala yake alishika swichi ya magurudumu. Taarifa za ajali ziliandika maneno machache tu: kosa la rubani.

Kijana mmoja mtaalamu wa saikolojia, Luteni Alphonse Chapanis, alipewa kazi ya kuchunguza. Hakuanza kwa kuwahoji marubani kama wana akili au hawana. Aliingia ndani ya ndege akatazama. Akaona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa zilikuwa zimewekwa pamoja na zinafanana kabisa. Katika aina nyingine za ndege, ambako hazikupangwa hivyo, marubani walewale wa jeshi lilelile hawakuwa wanafanya kosa hilo. Dawa yake ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha: kwenye mkono wa magurudumu alibandika kigurudumu kidogo cha mpira, na kwenye mkono wa vibawa akabandika kipande chenye umbo la kabari. Rubani aliyechoka, usiku, akigusa tu anajua ameshika nini. Ajali zile zikakoma.

Baada ya vita, mwaka 1947, wataalamu wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walichapisha uchunguzi wa visa 460 vya marubani waliokosea kutumia vyombo vya kuendeshea ndege. Walionyesha kwamba mengi ya yale yaliyoitwa makosa ya marubani yalitokana na jinsi vyombo vyenyewe vilivyopangwa.

Hebu tutulie hapa kidogo. Swali la Chapanis mwaka 1943 ndilo swali la yule binti wa Dar es Salaam: mtu akikosea kutumia chombo, kosa ni la nani? Ni swali dogo, lakini lina gharama. Ukisema kosa ni la mtumiaji, kazi imekwisha. Unamlaumu na unaendelea na safari yako. Ukisema kosa ni la chombo, basi aliyekitengeneza lazima arudi mezani, aliyekiidhinisha lazima ajieleze, na fedha lazima itoke. Ndiyo maana mtu anayesema hivyo peke yake ofisini hapendwi. Wahenga walikwisha kusema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Na hapo ndipo vikundi vinapoingia. Wataalamu wa namna ya Chapanis walikuwa wachache, wametawanyika: wawili kwenye kiwanda hiki cha ndege, mmoja kwenye maabara ile. Wakaanza kutafutana. Uingereza walianzisha chama chao mwaka 1949. Marekani mambo yalianza kienyeji zaidi. Kusini mwa California, kwenye viwanda vya ndege na kambi za jeshi la majini, kulikuwa na kikundi kimoja mjini Los Angeles na kingine San Diego. Vikundi hivyo viwili vya mitaani ndivyo vilivyofikiriana na kuzaa chama cha taifa zima, kilichoasisiwa rasmi mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma, mwaka 1957. Tazama mpangilio wake. Makao makuu hayakutangulia na matawi yakafuata. Yaliyotangulia ni matawi, na makao makuu ndiyo yaliyofuata.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha mwaka 1976, na kilitokea Washington.

Wakati huo kompyuta zilikuwa mashine kubwa za vyuo, serikali na makampuni makubwa. Imani iliyotawala ilikuwa kwamba mashine ni ngumu na mtu ajifunze. Asiyeweza akae pembeni. Profesa mmoja kijana wa Chuo Kikuu cha Maryland, Ben Shneiderman, alikuwa na tabia ya kuuliza maswali ya kuudhi. Kwa mfano, wakati ule kila mwanafunzi wa kompyuta alifundishwa kuchora michoro ya mishale na visanduku kabla ya kuandika programu, na kila mwalimu aliapa kwamba michoro ile inasaidia. Shneiderman na wenzake wakafanya jambo ambalo ni la kawaida kwa mtu wa saikolojia lakini lilikuwa geni kwa watu wa kompyuta: wakawagawa wanafunzi makundi, hawa wakapewa michoro, wale hawakupewa, kisha wakawapima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1977 hayakuonyesha faida waliyoitegemea. Unaweza kufikiri jinsi waalimu walivyofurahi!

Mtu wa namna hiyo anahitaji wenzake. Watu wa kompyuta walimwona kama mtu wa saikolojia, na watu wa saikolojia walimwona kama mtu wa kompyuta. Mwaka huo 1976, yeye na wenzake wachache wa eneo la Washington walianzisha kikundi wakakipa jina la Chama cha Saikolojia ya Programu. Walikutana kila mwezi. Mtu mmoja anasimama, anaeleza alichokichunguza, wengine wanauliza, wanabishana, wanarudi makwao.

Mwaka 1986 Shneiderman aliandika historia fupi ya miaka kumi ya kikundi hicho. Jina la makala yake linasema yote. Kwa Kiswahili ni hivi: Hakuna Wanachama, Hakuna Viongozi, Hakuna Ada.

Niliposoma jina hilo nilicheka peke yangu sebuleni. Nikakumbuka kurasa zetu kumi na moja. Nikakumbuka kifungu cha rambirambi. Wenzetu waliishi miaka kumi bila muhuri, na sisi tulikaribia kufa kwa sababu ya muhuri ambao hatujauchonga.

Lakini ngoja, msikilizaji, usikimbilie kuchana katiba ya chama chako. Mambo hayako mepesi hivyo. Kikundi kisicho na viongozi si kikundi kisicho na kazi. Kila mwezi lazima mtu atafute msemaji. Lazima mtu aombe chumba. Lazima mtu awakumbushe wengine siku na saa, afungue mlango, apange viti, na mwisho abaki nyuma kuzima taa. Mahali ambapo kazi hizo hazina cheo, hufanywa na mtu anayeipenda shughuli yenyewe. Mtu huyo akichoka au akihama mji, kikundi kinaweza kufa juma hilohilo. Cheo hakileti watu mkutanoni, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini kazi isiyo na mwenyewe nayo haifanyiki.

Sasa, kikundi kisicho na katiba kinaendeshwaje bila kugeuka kijiwe cha soga? Jibu moja zuri nililipata upande wa pili wa Marekani, California, kwa watu wa aina nyingine kidogo. Hawa walikuwa wapenzi wa kujitengenezea kompyuta nyumbani. Tarehe 5 Machi 1975, usiku wa mvua, watu 32 walikutana kwenye gereji ya Gordon French katika mji mdogo wa Menlo Park. Aliyewaita pamoja naye alikuwa Fred Moore, mtu wa harakati za amani. Kikundi kikaitwa Homebrew. Kilikua haraka, gereji haikutosha, wakahamia kwenye ukumbi mkubwa wa maabara ya chuo cha Stanford.

Aliyekuwa anaongoza mikutano ile, Lee Felsenstein, aliigawa sehemu mbili, na mgawanyo huo ndio ninaotaka muuweke akilini. Sehemu ya kwanza aliiita ya kuchora ramani. Watu wameketi, mtu ananyosha mkono, anasema jina lake, anasema ana nini na anahitaji nini. "Nina vipuri vya ziada." "Nimekwama mahali fulani." "Nasikia kuna kifaa kipya kimetoka." Hakuna hotuba. Kila mtu anatazama huku na huku na kuweka alama moyoni: yule pale ndiye ninayemtaka. Kisha inakuja sehemu ya pili. Watu wanainuka vitini na kila mmoja anamfuata aliyemwekea alama. Basi.

Fred Moore naye alianzisha jarida dogo, kurasa chache tu, lililoeleza nani alisema nini na kikao kijacho ni lini. Hivyo mtu aliyekosa mkutano mmoja hakupotea, na mgeni aliyelisoma alijua mahali pa kwenda. Kutoka kwenye viti vile aliinuka, miongoni mwa wengine, Steve Wozniak, aliyewaonyesha wenzake kompyuta aliyoiunda mwenyewe, ambayo baadaye iliitwa Apple I. Kikundi hicho kilimaliza siku zake Desemba 1986, baada ya kuishi zaidi ya miaka kumi na moja.

Turudi Washington. Mwezi Machi 1982, wale watu wa saikolojia ya programu pamoja na tawi la mji huo la chama cha wataalamu wa kompyuta walifanya mkutano wa siku tatu huko Gaithersburg, Maryland. Habari zilienea, wakaja zaidi ya watu 900. Walitoka kwenye makampuni, vyuo na serikali, na wengi wao, nathubutu kusema, kila mmoja alikuwa amezoea kuwa peke yake ofisini kwake. Fikiria, wewe ambaye umekuwa ukichekwa miaka mitano, unaingia ukumbini unakuta watu 900 wanaouliza swali lako.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Mwaka huohuo kikaundwa kitengo maalumu ndani ya chama cha kimataifa cha wataalamu wa kompyuta, kiitwacho SIGCHI, na mkutano wake wa kwanza ukafanyika Boston mwaka 1983. Hapo sasa viongozi walihitajika, na ada pia, kwa maana huwezi kukodi hoteli ya watu elfu kwa nia njema peke yake. Yakafuata matawi ya miji. Lile la eneo la San Francisco likawa linakutana kila mwezi Palo Alto, kwenye maabara za Xerox. Mwaka 1991 kikaanzishwa chama cha wale wanaofanya kazi hii makampuni, si vyuoni tu. Na mwaka 1993 Don Norman, mtaalamu wa saikolojia aliyejiunga na kampuni ya Apple, akajipa cheo chenye maneno yale ambayo vijana wetu leo wanayafupisha kuwa UX.

Kwa hiyo tukiufuata mstari kutoka nyuma, kazi ambayo leo inawapa mishahara vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ilipita kwenye darasa fulani la Washington ambamo hapakuwa na mwanachama, kiongozi wala ada.

Najua kuna msikilizaji anayesema, "Hayo ni ya Wamarekani, wenye maabara na ndege za mabomu. Sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Tazama M-Pesa ya Kenya. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, na wazo la mwanzo halikuwa hili tunalolijua. Lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Waliokuwa wakiendesha majaribio wakawa na busara ya kuwatazama watu wanafanya nini hasa na huduma ile. Wakaona wanatumiana fedha. Wakaona mtu anaweka fedha kabla ya safari ili asiibiwe njiani, akifika anazitoa. Wangeweza kusema, kama yule bosi wa binti yetu, kwamba watu hawa hawajui kutumia huduma. Badala yake waliifuata njia ambayo watu walikwisha kuikanyaga. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa mwepesi kabisa: tuma fedha nyumbani. Mengine mnayajua.

Na wataalamu wa Afrika nao wamekwisha kutafutana. Novemba 2016 walikutana Nairobi kwa mkutano wa kwanza wa bara zima kuhusu mambo ya watu na kompyuta, uitwao AfriCHI, na mwaka 2018 wakakutana tena Windhoek, Namibia. Hayo ni maendeleo. Lakini mkutano wa bara huja mara moja kwa miaka, na tiketi ya ndege haipatikani kwa kila mtu. Yule binti anachekwa siku ya Jumanne. Anahitaji mahali pa kwenda Jumamosi ileile, kwa nauli ya daladala.

Basi nilimwita. Nikamweleza habari za Chapanis na kigurudumu chake cha mpira, nikamweleza habari za chama kisicho na viongozi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo tuanze upya?" Nikamwambia, "Tuanze bila meza kuu."

Tuliwatumia wote ujumbe mfupi wa mistari mitatu: siku, saa, na kwamba katiba haitazungumzwa. Walikuja kumi na mmoja. Tukapanga viti duara. Nikawaomba kila mmoja aseme jina, ana nini, na anahitaji nini, kama walivyofanya wale wa California. Wa kwanza alikuwa na simu tatu za zamani za kufanyia majaribio. Wa pili alikuwa anatafuta mtu anayejua lahaja za Pwani, kwa sababu neno moja kwenye programu yao lilikuwa linachekesha Tanga. Zamu ilipofika kwa binti wetu, akasema, "Nina ukurasa unaowapotezea watu fedha, na nahitaji mtu wa kuniamini." Watu watatu waliinua mikono kusema kwamba na wao wana ukurasa kama huo kazini kwao. Nilimwona akikaa vizuri kitini.

Hapo mmoja akatoa wazo ambalo hata wazee wa Washington wangelipenda. Alisema, "Sisi sote humu tunajua kusoma hizo kurasa. Tunamzungumzia mtu ambaye hayumo chumbani." Kweli tupu! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mkutano uliofuata tukamwalika mama lishe anayepika karibu na lile darasa. Vijana walimwamkia, wakampa kiti na soda, na binti akamweleza kwa heshima, "Mama, leo hatukupimi wewe. Tunaipima hii simu. Ukikwama, simu ndiyo imefeli." Ukurasa ulikuwa wa kuiga, na fedha zilikuwa za kuiga. Masharti kwetu yalikuwa mamoja: kukaa kimya. Msikilizaji, sijapata kuona jambo gumu kama watu kumi wenye shahada kukaa kimya wakati mtu anabonyeza pasipotakiwa. Mmoja aliuma kalamu mpaka ikavunjika.

Mama alibonyeza pale pale walipobonyeza wateja waliopoteza fedha. Akaulizwa kwa nini. Akajibu, "Mwanangu, mimi huku nina vyungu viwili motoni. Kitufe kimekuja, nimebonyeza. Hilo jina mbona mmeliweka kama mnalificha?"

Kwa majuma mawili waliwaita watu wengine wanne, mmoja mmoja: dereva wa bajaji, mwalimu mstaafu, muuza nguo na mwanafunzi. Mwalimu peke yake ndiye aliyelisoma jina kabla ya kubonyeza. Binti aliandika yote kwenye karatasi mbili, bila majigambo, akaenda nayo kazini. Safari hii hakusema "mimi naona". Alisema, "Watu watano walijaribu, wanne walikosea mahali pamoja, na wenzangu wa makampuni mengine wameona jambo hilohilo."

Nisiwadanganye kwamba walimbeba juu kwa juu. Mapendekezo yake yalikuwa sita. Walikubali moja: jina la mpokeaji sasa linatokea kwanza, kwa herufi kubwa, na kitufe kinafuata. Mengine waliyaweka pembeni kwa sababu ya gharama. Lakini hilo moja ndilo lililokuwa linawapotezea watu fedha, na kuna mama mahali fulani ambaye leo hakupoteza ada ya mtoto wake, na hatajua kamwe kwamba aliokolewa na watu waliokuwa wamekaa duara huko Magomeni.

Mtaniuliza, je, ile katiba iko wapi? Iko kwenye droo yangu. Sijaitupa. Kikundi kikiwa kikubwa, tutahitaji mtu wa kushika fedha, na fedha za watu hazishikwi kwa maneno matupu. Siku hiyo tutaitoa tukaisome, ingawa kile kifungu cha makamu wawili nitakipinga mpaka mwisho. Kwa sasa tuna ratiba mbili tu zilizobandikwa ukutani: ya nani anamtafuta mgeni wa mwezi ujao, na ya nani anabaki kupanga viti. Ile ya viti inazunguka, na mlezi mwenyewe yumo.

Wasikilizaji wangu, najua wengi wenu si mafundi wa utumiaji. Wengine ni mafundi cherehani, wengine wauguzi, wengine waalimu, wengine madereva. Lakini ninyi nyote mna jambo moja kazini mnalolijua kuwa si sawa na ambalo, ukilisema peke yako, unachekwa. Watafute wenzako wa kazi hiyo katika mji wako. Msianze na muhuri. Anzeni na swali lenu, siku isiyobadilika, mlango ulio wazi, na mtu mmoja aliyekubali kupanga viti. Na mara kwa mara kiti kimoja mwekeeni yule mnayemfanyia kazi, mumsikilize bila kumkatiza.

Jumamosi hii zamu ya viti ni yangu. Nawatakia juma jema.